Mlango wa Forodhani: Nani Aufungua, Nani Aufunga?

(Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio)

  

Somo letu la leo ni la historia, lakini tutalianza na kitu ambacho kila mmoja wenu anakijua, yaani nguo. Waulizeni wazee jina la kile kitambaa cha pamba, kizito, kisichotiwa rangi, ambacho zamani watu walijifunga shuka na kushonea nguo za kazi. Watawaambia kuwa kiliitwa amerikani. Kwa nini kiliitwa hivyo? Kwa sababu kilitoka Amerika. Kilifika Unguja kwa merikebu, kikachukuliwa mabegani na wapagazi mpaka Tabora na Ujiji, na huko bara kikawa kama fedha, maana watu walinunua vitu kwa mikono ya kitambaa hicho.

Bidhaa, fedha na viwanda vinapovuka mipaka hata dunia ikawa kama soko moja, siku hizi twaita jambo hilo utandawazi. Neno hili ni jipya, lakini jambo lenyewe ni la zamani, na amerikani ni ushahidi wake.

Basi swali letu la leo ni hili. Mataifa makubwa ya dunia hayautazami utandawazi kwa jicho moja. Taifa moja husema, "Fungueni milango, biashara ipite." Jingine husema, "Fungeni, tunaumia." Tena yule aliyesema "fungueni" jana, leo asema "fungeni". Kwa nini? Je, wamebadili akili zao, au kuna jambo jingine? Sikilizeni, na mwisho mtajibu wenyewe.

USHURU NI NINI?

Kwanza tuelewane juu ya neno moja. Ushuru wa forodha ni fedha ambayo serikali humtoza mtu aingizaye bidhaa kutoka nchi nyingine.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Tuseme shati kutoka ng'ambo lafika bandarini kwa bei ya shilingi 10,000. Serikali ikitoza ushuru wa asilimia 5, yaani shilingi 5 katika kila shilingi 100, shati hilo litakuwa shilingi 10,500. Ikitoza asilimia 50, shati litakuwa shilingi 15,000.

Sasa mfikirie fundi wa hapa nyumbani ambaye hawezi kuuza shati lake chini ya shilingi 12,000. Ushuru ukiwa asilimia 5, watu watanunua la ng'ambo na fundi atakosa kazi. Ushuru ukiwa asilimia 50, watu watanunua la fundi. Lakini mnunuzi naye, ambaye angelipata shati kwa shilingi 10,500, sasa alipa 12,000. Kwa hiyo ushuru una pande mbili. Humkinga fundi, nao humgharimu mnunuzi. Likumbukeni jambo hili, maana vita vyote vya biashara tutakavyovitaja leo vinatoka hapo.

AMERIKANI NA UKUTA WAKE

Mnamo tarehe 21 Septemba 1833, huko Maskati, Sayyid Said, aliyetawala Oman na Unguja, alitia sahihi mkataba wa biashara na mjumbe wa Marekani aitwaye Edmund Roberts. Mkataba huo uliwapa Wamarekani ruhusa ya kufanya biashara katika nchi zake, nao wakalipa ushuru wa asilimia 5 tu juu ya bidhaa wanazoshusha. Mwaka 1837 balozi mdogo wa Marekani, Richard Waters, alifika Unguja. Wafanyabiashara wa mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, wakaleta amerikani, wakarudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Uingereza nayo ilipata mkataba kama huo mwaka 1839, na Ufaransa mwaka 1844.

Mlango wa Unguja, basi, ulikuwa wazi. Je, mlango wa Marekani yenyewe ulikuwaje?

Mwaka 1816 Marekani ilitunga sheria ya ushuru. Wakati huo viwanda vyake vya nguo vilikuwa vichanga, na nguo za pamba za bei rahisi kutoka India zilikuwa zikiingia kwa wingi. Sheria ilisema hivi: nguo yoyote ya pamba kutoka ng'ambo, ikiwa bei yake ni chini ya senti 25 kwa yadi, ihesabiwe kana kwamba ni ya senti 25, kisha itozwe robo ya bei hiyo. Robo ya 25 ni senti 6 na robo. Haya, ikiwa nguo ya kweli ilikuwa ya senti 10, ushuru wake ulikuwa zaidi ya nusu ya bei. Hivyo nguo rahisi ya India ilizuiwa mlangoni, na viwanda vya Massachusetts vikakua kwa raha nyuma ya ukuta.

Mmeliona jambo hili? Ile amerikani iliyopita kwa asilimia 5 katika forodha ya Unguja ilifumwa katika viwanda vilivyolelewa kwa ushuru mkubwa kwao. Wamarekani hawakuona aibu yoyote. Waziri wao wa fedha wa kwanza, Alexander Hamilton, alikuwa amekwisha liandikia Bunge lao mwaka 1791, akieleza kwamba kiwanda kichanga chahitaji msaada wa serikali ili kisimame mbele ya viwanda vikubwa vya Ulaya. Kwa maneno mengine, mtoto hashindanishwi mbio na mtu mzima.

UINGEREZA YAPANDA, KISHA YAFUNGUA

Hamilton alipoyasema hayo alikuwa na mfano mbele yake, nao ni Uingereza.

Uingereza ndiyo iliyokuja kuhubiri biashara huria kuliko taifa lolote, yaani biashara isiyo na vizuizi. Lakini tazameni ilivyoanza. Mwaka 1700 Bunge la Uingereza lilikataza kuingizwa nchini kwa nguo za pamba zilizopigwa chapa kutoka India, Uajemi na Uchina. Mwaka 1721 sheria nyingine ilikataza hata kuvaa nyingi za nguo hizo za chapa. Wafumaji wa Uingereza walikuwa hawawezi kushindana na mafundi wa India, basi wakakingwa.

Baadaye Waingereza wakavumbua mashine za kusokota na kufuma. Nazo wakazikinga. Kwa miaka mingi sheria ilikataza mashine za nguo kupelekwa ng'ambo, wala mafundi wake hawakuruhusiwa kuhama nchi. Katazo la mafundi liliondolewa katika miaka ya 1820, na la mashine mwaka 1843.

Ilipofika wakati huo, viwanda vya Manchester vilikuwa havina mshindani. Ndipo mlango ukafunguliwa. Mwaka 1846 Waziri Mkuu Sir Robert Peel aliziondoa sheria zilizotoza ushuru mkubwa juu ya nafaka kutoka ng'ambo, na wafanyakazi wa viwandani wakapata mkate kwa bei nafuu. Mwaka 1849 ziliondolewa sheria za tangu 1651 zilizopendelea merikebu za Kiingereza. Watu kama Richard Cobden walisema kwa moyo safi kwamba biashara huria italeta amani kati ya mataifa. Huenda kweli waliamini hivyo. Lakini Mjerumani mmoja, Friedrich List, aliyewahi kukaa Marekani, alikuwa amekwisha andika mwaka 1841 kwamba Waingereza wamefanya kama mtu aliyepanda juu kwa ngazi, kisha akaiangusha ngazi ili wengine wasipande.

Mfano huo wa ngazi uandikeni katika daftari. Tutaurudia.

UCHINA NA KASUMBA

Sasa twende mashariki. Katika karne ya 18 Uchina ilikuwa dola kubwa yenye utajiri mwingi. Tangu mwaka 1757 wafanyabiashara wa Ulaya waliruhusiwa kufanya biashara katika bandari moja tu, Guangzhou, nao walilazimika kupitia kwa wafanyabiashara maalumu wa Kichina. Mwaka 1793 mjumbe wa Uingereza, Lord Macartney, alifika mbele ya Mfalme Qianlong kuomba bandari zaidi. Mfalme alikataa. Jibu lake, kwa kifupi, lilikuwa kwamba nchi yake ina kila kitu, haina haja na bidhaa za wageni.

Waingereza walikuwa wamezoea kunywa chai ya Uchina, nao waliilipia kwa fedha nyeupe. Hawakuwa na bidhaa ambayo Wachina waliitaka kwa wingi. Mwishowe wakapata moja, nayo ni afyuni iliyolimwa India, ambayo kwa Kiswahili yaitwa pia kasumba. Serikali ya Uchina iliipiga marufuku, lakini iliingia kwa magendo. Mwezi wa Juni 1839 mkuu aliyetumwa na mfalme, Lin Zexu, aliharibu makasha zaidi ya 20,000 ya kasumba kwa chokaa na maji ya chumvi.

Uingereza ikaleta manowari. Vita vilikwisha mwaka 1842 kwa Mkataba wa Nanjing. Uchina ilifungua bandari tano, Guangzhou, Xiamen, Fuzhou, Ningbo na Shanghai. Ikatoa kisiwa cha Hong Kong, ikalipa dola milioni 21 za fedha. Katika makubaliano yaliyofuata, ushuru wa Uchina ulifungwa katika kiwango cha kama asilimia 5, wala serikali yake haikuweza kuupandisha bila ridhaa ya wageni. Haikurudishiwa uhuru huo mpaka miaka ya 1928 hadi 1930.

Fikirini juu ya asilimia hiyo 5. Unguja ilitoza 5, na Uchina ilitoza kama 5. Tofauti ni kwamba Sayyid Said alikubaliana mezani, na Uchina ilikubali chini ya mizinga. Lakini wote wawili walikuwa wamejifunga mikono, na mlinzi wa mlango aliyefungwa mikono si mlinzi tena.

Ndiyo maana hata leo, Mchina asikiapo maneno "biashara wazi" yakisemwa na mgeni, moyoni mwake kuna kumbukumbu ya manowari. Na Mwingereza wa zama zile, aliyasikia maneno hayo hayo akaona mkate wa bei nafuu. Neno ni moja, lakini kila mmoja amelisikia kwa historia yake.

MAREKANI YACHUKUA ZAMU

Wakati huo wote Marekani iliendelea kukua nyuma ya ukuta wake. Mwaka 1897 ilipandisha ushuru wake juu sana. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1899, waziri wake wa mambo ya nje, John Hay, aliyaandikia mataifa makubwa akitaka Uchina iwe na "mlango wazi" kwa wafanyabiashara wa mataifa yote sawasawa. Mlango wa Uchina uwe wazi, na wa Marekani je? Huo haukutajwa.

Mwaka 1930, wakati wa dhiki kuu ya uchumi, Marekani ilizidisha tena ushuru juu ya maelfu ya bidhaa. Wachumi zaidi ya 1,000 walimwomba Rais Herbert Hoover asitie sahihi, naye akatia. Nchi nyingine zikalipiza. Uingereza yenyewe, mama wa biashara huria, iliacha imani yake ya zamani mwaka 1932, ikatoza ushuru wa jumla na kupendelea nchi za himaya yake. Kati ya mwaka 1929 na 1933 thamani ya biashara ya dunia ilianguka mno. Ushuru haukuwa sababu pekee, lakini ulizidisha maumivu. Hilo nalo ni funzo: kila mtu akifunga mlango wake kwa hasira, wote hulala njaa.

Vita Vikuu vya Pili vilipokaribia kwisha, Marekani ilikuwa taifa pekee kubwa ambalo viwanda vyake havikubomolewa. Sasa ilikuwa mahali pale pale Uingereza ilipokuwa mwaka 1846, juu ya ngazi. Nayo ikafungua. Mwezi wa Julai 1944 wajumbe wa nchi 44 walikutana Bretton Woods, huko Marekani, wakaanzisha Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia. Tarehe 30 Oktoba 1947, mjini Geneva, nchi 23 zilitia sahihi Mapatano ya Jumla ya Ushuru na Biashara, ili kupunguza ushuru kidogo kidogo kwa kukubaliana.

Tuseme haki, ndugu zangu. Mpango huo ulisaidia Ulaya na Ujapani kusimama tena, na biashara ya dunia ilikua kuliko wakati wowote kabla yake. Lakini nchi nyingi za Afrika hazikuwepo mezani, maana zilikuwa bado zatawaliwa. Na wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo.

UCHINA YAFUNGUA KWA MKONO WAKE

Baada ya mwaka 1949, chini ya Mao Zedong, Uchina ilijitenga kwa sehemu kubwa na soko la Magharibi. Mwezi wa Desemba 1978, chini ya uongozi wa Deng Xiaoping, ilianza kugeuka. Mwaka 1980 mji wa Shenzhen, karibu na Hong Kong, ulifanywa eneo maalumu ambamo wageni waliruhusiwa kuweka viwanda.

Lakini safari hii Uchina ilifungua yenyewe, pole pole, chumba kimoja kimoja. Mgeni aliyetaka kuunda magari, kwa mfano, alilazimika kwa miaka mingi kushirikiana na kampuni ya Kichina, ili Wachina wajifunze kazi. Benki kubwa zilibaki mikononi mwa serikali. Baada ya mazungumzo ya miaka 15, Uchina iliingia katika Shirika la Biashara Duniani tarehe 11 Desemba 2001.

Matokeo yake dunia nzima yayaona. Kwa hesabu za Benki ya Dunia, karibu watu milioni 800 wa Uchina walitoka katika umaskini mkubwa kwa muda wa miaka 40. Huko Marekani nako, bei za nguo, viatu na vyombo vya umeme zilishuka, na mnunuzi akafurahi. Lakini kumbukeni fundi wetu wa shati. Mwaka 2000 Marekani ilikuwa na wafanyakazi wa viwandani zaidi ya milioni 17. Mwaka 2010 walikuwa kama milioni 11 na nusu. Wengi walipoteza kazi kwa sababu ya mashine mpya na dhiki ya uchumi ya mwaka 2008, lakini wengine walizipoteza kwa sababu ya bidhaa za Uchina. Miji mizima iliyoishi kwa kiwanda kimoja ilibaki na majengo matupu. Watu wa miji hiyo hawakuuliza bei ya viatu imeshuka kiasi gani. Waliuliza kazi yao imekwenda wapi.

ZAMU YAGEUKA

Mwezi wa Januari 2017 ulikuwa na wiki moja ya ajabu. Tarehe 17, mjini Davos, Uswisi, Rais Xi Jinping wa Uchina, kiongozi wa chama cha Kikomunisti, alisimama mbele ya matajiri wa dunia akautetea utandawazi. Tarehe 20, mjini Washington, Donald Trump aliapishwa kuwa rais wa Marekani, akawaambia watu wake kwamba kuikinga nchi kutaleta neema na nguvu. Laiti Mfalme Qianlong na Cobden wangelifufuka siku hiyo, wangelidhani wamesoma gazeti juu chini!

Mwaka 2018 Marekani ilianza kutoza ushuru mkubwa juu ya bidhaa za Uchina, na Uchina ikalipiza. Serikali iliyofuata ya Rais Joe Biden haikuuondoa ushuru ule. Mwezi wa Oktoba 2022 iliongeza katazo: zile chipu bora, vipande vidogo ambavyo ndivyo ubongo wa kompyuta, pamoja na mashine za kuzitengenezea, zisiuzwe Uchina ovyo. Mnakumbuka Uingereza ilivyozuia mashine zake za nguo mpaka 1843? Jambo ni lile lile.

Mwezi wa Aprili 2025 vita hivyo vya biashara vilipanda hata ushuru wa Marekani juu ya bidhaa za Uchina ukafika asilimia 145, na wa Uchina juu ya bidhaa za Marekani asilimia 125. Mwezi uliofuata, baada ya mazungumzo mjini Geneva, pande zote mbili ziliupunguza sana. Uchina nayo, inayojisifu kuwa mlinzi wa biashara wazi, iliweka masharti mwezi huo wa Aprili juu ya kuuza ng'ambo baadhi ya madini adimu yatumikayo katika mota na silaha. Kwa hiyo msidanganyike kwamba mmoja ni mlango wazi na mwingine ni ukuta. Kila mmoja hufungua pale aliposhika nguvu, na hufunga pale anapoogopa.

NA SISI JE? TURUDI KWENYE NGUO

Tulianza na amerikani. Tumalize na mitumba.

Mwaka 1968, mjini Dar es Salaam, kilifunguliwa kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa Uchina. Nchi zetu zote za Afrika Mashariki zilijenga viwanda vya nguo miaka ile, zikavikinga. Lakini ukuta peke yake haufumi nguo. Vipuri vilikosekana, fedha za kigeni zilipungua, usimamizi mahali pengine ulikuwa dhaifu. Kisha tangu katikati ya miaka ya 1980 milango ilifunguliwa, nguo mpya za bei rahisi na mitumba zikaingia, na viwanda vingi vikadhoofika au kufungwa.

Mwezi wa Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba pole pole ili viwanda vya nguo vifufuke. Mwaka huo Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola mpaka dola 2 na nusu kwa kilo. Wauzaji wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao mwaka 2017. Serikali yao ikasema nchi zitakazoendelea na mpango huo zaweza kupoteza nafasi ya kuuza bidhaa Marekani bila ushuru, nafasi iliyotolewa kwa sheria ya mwaka 2000. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia, na mwezi wa Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafasi hiyo.

Linganisheni miaka. Mwaka 1816 Marekani ilijenga ukuta wa ushuru kwa ajili ya nguo, na hapakuwa na mtu wa kuizuia. Miaka 200 baadaye Rwanda ilijenga ukuta wa ushuru kwa ajili ya nguo, ikaadhibiwa. Tena ikaadhibiwa mwaka ule ule ambao Marekani ilipandisha ushuru wake juu ya Uchina!

Lakini mwalimu asiwafiche upande wa pili. Mama auzaye mitumba sokoni hupata karo ya watoto kwa kazi ile. Baba mwenye kipato kidogo hupata koti kwa bei anayoiweza. Hao nao ni watu wetu. Atakayefunga mlango lazima ajue atawalipa nini, na kiwanda kitakachokingwa lazima kifume nguo nzuri kweli, si kukaa nyuma ya ukuta kama mtu aliyelala kivulini.

TUKUSANYE SOMO LETU

Wahenga walisema, wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Ni kweli. Lakini sisi si nyasi, maana nyasi hazisomi historia.

Ukisikia taifa kubwa linasema "fungueni milango", au "fungeni", usiulize tu kama neno hilo ni zuri au baya. Uliza maswali matatu. Kwanza, msemaji amesimama wapi katika ngazi, chini, katikati, au juu? Pili, alipokuwa chini alifanya nini? Tatu, nikifanya asemavyo, nani kwangu atapata na nani atakosa? Ukiyajibu hayo matatu, waweza kukaa naye mezani ukafanya biashara naye bila chuki na bila kudanganywa.

Maana mlango si adui. Nyumba isiyo na mlango ni kaburi, na nyumba isiyo na kitasa ni njia ya wote. Mwenye nyumba ni yule ashikaye ufunguo, naye ajua kwa nini afungua na kwa nini afunga.

MANENO YA KUANDIKA DAFTARINI

Ushuru wa forodha: fedha itozwayo juu ya bidhaa ziingiazo nchini.
Biashara huria: biashara isiyozuiwa kwa ushuru mkubwa wala makatazo.
Utandawazi: hali ya dunia kuwa kama soko moja.
Mkataba: mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Nguo ya ng'ambo ni shilingi 8,000. Ushuru ni asilimia 25. Mnunuzi atalipa kiasi gani?
2. Kwa nini Uingereza ilikataza nguo za India mwaka 1700, lakini ikafungua milango yake baada ya 1846?
3. Eleza tofauti kati ya Uchina kufunguliwa mwaka 1842 na Uchina kufungua yenyewe tangu 1978.
4. Watu wawili wasimame mbele ya darasa. Mmoja awe mfumaji wa kiwandani, mwingine awe muuza mitumba. Kila mmoja aeleze angependa mlango ufanyweje. Darasa liwasikilize wote wawili kabla ya kuamua.

Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo. Na jioni ya leo, kabla hamjaikunja nguo mliyoivaa, someni kijibandiko kilichoshonwa ndani ya shingo yake. Hapo mtaona jina la nchi. Sasa mnajua kwamba nyuma ya jina lile kuna historia ndefu.